Hema, Gari na Korongo: Namna ya Kushuka Ukingo wa Ziwa kwa Salama

Mtu atokaye Lilongwe akaelekea kaskazini na mashariki hupokewa kwanza na nchi tambarare yenye mashamba ya mahindi, karanga na tumbaku. Aweza kudhani kuwa Malawi ya kati yote ni hivyo. Lakini kabla ya kufika ziwani nchi hiyo hukatika. Mji wa Lilongwe upo kiasi cha mita 1,050 juu ya usawa wa bahari, na maji ya ziwa yamekaa karibu mita 475. Tofauti hiyo yote hushukwa katika mwendo mfupi, na hapo ndipo mito ilipochimba makorongo, mawe yakabaki wazi, na barabara za udongo zikawa na mapindo na makorogeo. Hii ni sehemu ya Bonde la Ufa, lile lile linalopita Kenya na Tanzania, na ziwa lililo chini yake ndilo Ziwa Nyasa, ambalo wenyeji wa Malawi huliita Ziwa Malawi.

Familia nyingi zenye gari la magurudumu manne yanayosukuma hupenda kwenda huko siku mbili tatu wakati wa likizo, wakalala katika hema na kupika nje. Ni jambo jema. Watoto hujifunza majina ya miti na ndege, na wazazi hupumzika na kelele za mji. Hata hivyo, wapo warudio wakiwa wamevutwa kwa kamba nyuma ya gari la watu wengine, na wapo warudio na watoto wenye homa ya tumbo. Aghalabu kosa halikuwa la gari. Lilikuwa la matayarisho yaliyofanywa, au yasiyofanywa, nyumbani kabla ya ufunguo kuzungushwa.

Kwa hiyo juma hili safu hii inaeleza safari hiyo hatua kwa hatua: nchi yenyewe, gari, maji, mahali pa kulala, jiko, na mwisho jambo ambalo vitabu vya watalii havilitaji, nalo ni jamaa zetu wa Dzaleka, ambao wapo karibu na njia hiyo hiyo.

NCHI NA NJIA ZAKE

Mto mkubwa wa sehemu hii ni Bua. Huanzia magharibi, upande wa mpaka wa Zambia, ukakatiza uwanda wa kati, kisha ukashuka kwa nguvu kati ya mawe na misitu ya miombo hadi ziwani. Sehemu ya mteremko huo imo ndani ya Hifadhi ya Wanyama ya Nkhotakota, yenye eneo la kilomita za mraba kiasi cha 1,800. Tangu mwaka 2015 hifadhi hiyo inasimamiwa na shirika la African Parks kwa makubaliano na serikali ya Malawi. Katika miaka ya 2016 na 2017 walihamishiwa huko tembo karibu 500 kutoka Liwonde na Majete, kazi ambayo watu wengi walidhani haiwezekani. Mvua zinapoanza, samaki aitwaye mpasa hutoka ziwani akapanda mto Bua kwenda kutaga mayai.

Anayetaka safari nyepesi zaidi aweza kuishia Ntchisi, penye mlima wenye msitu wa asili ambao haukauki majani mwaka mzima. Kutoka Lilongwe zipo njia mbili kuu. Moja hufuata barabara kuu ya kaskazini, M1, hadi Mponela katika wilaya ya Dowa, kisha ikageuka kuelekea Ntchisi. Nyingine hushuka kwanza mpaka Salima, ikageuka kaskazini kwa barabara ya pwani ya ziwa, M5, mpaka Nkhotakota. Ya pili ni ndefu lakini ni rahisi. Ya kwanza ni fupi lakini ndiyo yenye kudai akili ya dereva.

Kwa msomaji wa Kiswahili, Nkhotakota si mahali pageni kabisa. Katika miaka ya 1840 mfanyabiashara Salim bin Abdallah, aliyejulikana kwa cheo cha Jumbe, alifanya makao yake hapo, na majahazi yake yakawa yanavusha pembe za ndovu na watumwa kwenda ng'ambo ya mashariki, kisha kwa miguu hadi pwani ya bahari. David Livingstone alionana na Jumbe mwaka 1863 akimsihi aache biashara hiyo. Kwa hiyo makorongo haya yamekwisha kupitwa na watu wengi waliolala chini ya turubai au chini ya nyota tupu, na wengi wao hawakwenda kwa hiari yao. Yafaa wazazi wawaeleze watoto habari hizo njiani, ili nchi wanayoitazama isiwe mawe na miti tu.

GARI

Gari aina ya Land Rover lilionyeshwa kwa umma mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na tangu hapo watu wa Afrika Mashariki wamelijua kama gari la bwana shamba, la daktari na la misheni. Leo yapo magari mengi ya namna hiyo, na Toyota Land Cruiser ndilo linaloonekana zaidi. Yote yana kanuni moja. Katika gari la kawaida magurudumu mawili tu ndiyo husukuma. Katika gari hili nguvu ya injini hugawanywa kwa magurudumu yote manne. Zaidi ya hayo lipo sanduku la pili la gia lenye gia za nguvu, ambazo hupunguza mwendo na kuongeza uwezo wa kuvuta. Wengi hununua gari hili na kulitumia miaka mitano bila kuzigusa gia hizo. Siku ya kuzihitaji hawajui hata kigingi chake kilipo.

Kanuni ya mteremko ni hii. Kabla ya kuanza kushuka, dereva asimame, aingize gia ya kwanza ya nguvu, kisha aiache injini ilizuie gari. Mguu ukae mbali na klachi. Breki iguswe kidogo kidogo tu, kwa sababu breki ikikandamizwa juu ya changarawe magurudumu hufunga, na gari huteleza kama sahani juu ya meza iliyolowa. Breki zinazotumiwa mfululizo kwa muda mrefu nazo hupata moto na kupoteza nguvu.

Katika kupanda, gia ichaguliwe chini kabla ya mlima. Kubadili gia katikati ya kilima ndiko kunakozima magari mengi. Ikiwa gari litazimika, dereva asiguse klachi kwanza wala asijaribu kugeuza. Ashike breki, aweke gia ya kurudi nyuma, awashe, na ashuke kinyumenyume moja kwa moja kwa kufuata njia aliyopandia. Gari linalowekwa ubavu juu ya mteremko mkali hupinduka upesi, hasa likiwa na mizigo mizito juu ya paa. Kwa sababu hiyo madumu ya maji, magunia na betri ya akiba yawekwe chini ndani ya gari. Juu ya paa viende vitu vyepesi kama magodoro na hema.

Penye mchanga wa kitanda cha mto, upepo wa tairi hupunguzwa. Tairi la ratili 35 laweza kushushwa hadi ratili 20 hivi, likapanuka na kukanyaga pana kama mguu wa ngamia. Lakini baada ya mchanga upepo urudishwe kabla ya kukimbia, maana tairi lililolegea hupata joto na kupasuka. Kwa hiyo pampu ni kitu cha lazima, pamoja na tairi la akiba, jeki yenye ubao wa kuwekea chini, koleo, kamba ngumu ya kuvutia, mkanda wa feni wa akiba na maji ya rejeta.

Mafuta yapigiwe hesabu kwenye karatasi. Tuseme safari yote ni kilomita 400, na kati yake 300 ni za barabara nzuri. Gari linalotumia lita 12 kwa kila kilomita 100 litakula lita 36 katika sehemu hiyo. Kilomita 100 zilizobaki za gia za nguvu na mwendo wa polepole zaweza kula lita 25. Jumla ni 61. Ongeza robo ya akiba, nayo ni lita 15, upate 76. Malawi imepatwa na upungufu wa mafuta mara kadhaa katika miaka ya karibuni, mwaka 2022 ukiwa mmojawapo, na foleni za magari zikalala vituoni. Basi asiwepo mtu wa kuondoka Lilongwe na nusu ya tangi kwa tumaini la kituo cha mbele. Dumu la petroli lisiwekwe walipokaa watoto.

MAJI YA MTO NA MAJI YA KUNYWA

Vitabu vya nchi nyingine humwambia dereva ashuke, avuke mto kwa miguu kwanza na kupima kina. Huko Australia, ambako watu husafiri kwa magari ya namna hii katika barabara ya Gibb River yenye urefu wa kilomita kama 660, sehemu ya makorongo ya Kimberley, ushauri huo hutolewa kwa uangalifu kwa sababu ya mamba. Malawi nayo ina mamba katika mito yake mikubwa. Pamoja na mamba upo ugonjwa wa kichocho, ambao vijidudu vyake hutoka kwa konokono wakaao katika maji yaendayo pole, kando penye nyasi. Kwa hiyo asitumwe kijana kupima maji kwa miguu yake. Waulizwe wenyeji walio karibu, itazamwe alama ya maji juu ya mawe na nguzo, au isubiriwe gari nyingine ipite. Ikiwa kina hakijulikani na maji yana kasi, gari lisiingie. Maji ya kasi yafikayo magotini humwangusha mtu mzima, na maji yafikayo mlangoni huanza kuliinua gari lenyewe.

Maji ya kunywa na kupikia ni lita tano kwa kila mtu kwa siku, na katika miezi ya joto ya Septemba na Oktoba ni afadhali kuzidisha. Nyumba ya watu watano kwa siku tatu inahitaji lita 75. Akiba ya siku moja ni lita 25. Jumla ni lita 100, yaani madumu matano ya lita 20. Uzito wake ni kilo 100, zaidi ya mtu mzima mmoja. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kumwahidi jirani nafasi ndani ya gari. Maji yakipungua na ikabidi kuteka mtoni, yachujwe kwa kitambaa safi, yachemshwe mpaka yatokote vizuri, kisha yapoe ndani ya chombo chenye kifuniko.

MAHALI PA KULALA

Mchanga wa kitanda cha mto mkavu huvutia. Ni laini, ni tambarare, na haupo msitu wa kufyeka. Hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote. Mnamo Septemba 2019, katika korongo la hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha nchini Kenya, maji ya mvua yalishuka ghafla yakawakuta watalii waliokuwa wakitembea humo, na watu wasiopungua sita wakafa. Mvua haihitaji kunyesha juu ya hema ndipo korongo lijae. Yatosha inyeshe milimani, mbali na macho. Kwa mvua kubwa zaidi, msomaji atakumbuka Kimbunga Freddy cha Machi 2023, ambacho kusini mwa Malawi watu zaidi ya elfu moja walikufa au kutoweka, wengi wao chini ya tope lililoshuka milimani wakati wa usiku.

Basi safari hii ifanywe kati ya Mei na Oktoba, na hata wakati huo hema lipigwe mahali palipoinuka, mbali na ukingo wa mto, si chini ya genge lenye mawe yaliyolegea wala chini ya mti wenye matawi makavu. Ndani ya hifadhi watu hulala katika vituo vilivyotengwa tu, kwa kibali na kwa malipo, na askari wa hifadhi ndiye anayejua njia za tembo. Matunda yasiwekwe ndani ya hema, kwa maana tembo husikia harufu yake kutoka mbali. Chakula chote kilale ndani ya gari lililofungwa. Mlango wa hema ufungwe kabla jua halijatua, kila mtu awe na chandarua, na viatu vikung'utwe asubuhi kabla ya kuvaliwa.

JIKO NA CHAKULA

Malawi jiko la mkaa huitwa mbaula, na hakuna nyumba isiyolijua. Lakini usiku wa baridi wa Juni na Julai juu ya uwanda wa Ntchisi huwashawishi watu kuingiza mbaula ndani ya hema ili kupata joto. Jambo hilo ni kifo. Mkaa unapoungua hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na katika hema lililofungwa watu hulala usingizi wasioamka. Haisaidii kwamba moto umefifia na kubaki makaa mekundu. Hata makaa hayo yana sumu. Blanketi la ziada na chai ya moto kabla ya kulala ndizo dawa ya baridi.

Kwa chakula, mama au baba wa nyumba aandike milo yote kwa siku na kwa mtu. Unga wa mahindi, maharage yaliyokwisha kuchemshwa na kukaushwa nyumbani, dagaa wa ziwa waitwao usipa, karanga zilizosagwa, vitunguu, ndimu, chumvi na sukari vyatosha kulisha familia bila barafu. Nyama iliwe usiku wa kwanza tu. Masalio yote na takataka zirudi mjini ndani ya mfuko.

JAMAA WA DZALEKA

Hapa tunafika kwenye jambo lililoahidiwa mwanzoni. Kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe, katika wilaya hiyo hiyo ya Dowa ambayo msafiri wa Ntchisi huipita, ipo kambi ya Dzaleka. Neno hilo la Kichewa latokana na kitendo kuleka, maana yake kuacha, nalo lilikuwa jina la gereza la mahali hapo, ambalo wakati wa utawala wa Dk. Hastings Banda lilitumiwa kuwafunga hata wapinzani wa siasa. Mwaka 1994 mahali hapo pakafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake kubwa, sokoni, makanisani na misikitini.

Familia nyingi zisemazo Kiswahili Lilongwe zina ndugu, shemeji au wanafunzi wa zamani huko Dzaleka. Kwa hiyo swali hili huja kila zinapotajwa safari: mtoto wa shangazi aliyeko kambini ataka kufuatana nasi. Ana nguvu, ajua kupika, ajua kutengeneza gari, na moyo wake umechoka kukaa mahali pamoja. Je, apandishwe?

Kabla ya kujibu yafaa sheria ijulikane. Malawi ilijiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, lakini iliweka masharti juu ya vifungu kadhaa, pamoja na kile cha uhuru wa kwenda mahali na kile cha kuajiriwa. Mwaka 1989 ikatunga Sheria ya Wakimbizi. Kufuatana na hayo mkimbizi hutakiwa kuishi kambini, na akitaka kutoka kwa siku kadhaa huomba kibali. Mwaka 2023 serikali iliamuru wale waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na kuanzia Mei mwaka huo polisi wakawakusanya watu, wengine wakiwa wamekaa na kufanya biashara zao nje ya kambi kwa miaka mingi. Watoto walikatishwa masomo, na maduka yakafungwa. Habari hizo hazijasahauliwa.

Kwa hiyo jibu ni kwamba jamaa aweza kualikwa, lakini aalikwe mapema na kwa karatasi. Majuma kadhaa kabla ya safari aombe kibali katika ofisi ya kambi, akitaja siku ya kutoka, mahali aendako na siku ya kurudi. Mwenye gari aitazame karatasi hiyo kwa macho yake, si kuambiwa tu kwamba ipo. Safari ipangwe ndani ya tarehe zilizoandikwa, na iachwe nafasi ya siku moja, kwa sababu gari likikwama Ntchisi siku ya mwisho, mwenye gari atapoteza muda, lakini mgeni wake aweza kupoteza haki ya kuomba tena. Kwenye kizuizi cha polisi watu wote wazungumze kwa adabu, na karatasi zitolewe zinapotakiwa.

Ikiwa kibali hakikupatikana, asichukuliwe. Wapo wanaosema, kwa nia njema, kwamba akae nyuma kati ya mizigo, gari litapita tu. Wasemao hivyo hawatalala mahabusu wao. Aliyeko katika hatari ni yule kijana, pamoja na mama yake aliyebaki kambini na jina lake katika daftari. Wema unaompeleka mtu katika madhara yasiyompata mtendaji wenyewe haufai kuitwa wema. Ni uchungu kumwambia ndugu abaki, lakini aambiwe kweli, na mapema, asiwe amekwisha kufunga mfuko wake.

Vile vile, atakayepita njia ya Dowa asiifanye kambi kuwa mahali pa kutazama. Watu wasipigwe picha kutoka dirishani. Anayetaka kununua aende sokoni kama waendavyo wenyeji wa vijiji jirani, alipe bei iliyo halali. Mafundi cherehani wapo, na hema lililochanika laweza kushonwa huko kabla ya safari kwa uzi imara na kwa bei ya haki. Ni vizuri pia kusikiliza. Mwenye kufahamu namna ya kuzuia maji ya mvua yasiingie chini ya turubai, namna ya kugawa dumu moja la maji kwa siku nzima kati ya kunywa, kupika na kuoga watoto, na namna ya kupika kwa mkaa kidogo, si mtalii aliyekwenda kambi mara tatu. Ni mama aliyevuka nchi mbili na watoto mgongoni, akapanga foleni penye pampu ya kisima kwa miaka kumi. Mambo ambayo wengine huyafanya siku tatu kwa furaha, yeye ameyafanya bila kuulizwa kama anapenda. Maarifa hayo akiombwa kwa heshima huyatoa, na akialikwa kufundisha alipwe kama mwalimu alipwavyo.

Na ipo njia ya kuwatembelea jamaa bila kuwatoa walipo. Tangu mwaka 2014 hufanyika Dzaleka tamasha liitwalo Tumaini, lililoanzishwa na mshairi na mwanamuziki kutoka Kongo, Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye kwa jina la Menes la Plume, ambaye mwenyewe aliishi hapo kama mkimbizi. Huja watu maelfu kutoka Lilongwe na nchi za nje kusikiliza ngoma na kutazama michezo, na baadhi ya wageni hupokewa kulala katika nyumba za wakimbizi wenyewe, wakala walacho wenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Familia ambayo mtoto wa shangazi yake hakupata kibali cha kwenda Ntchisi yaweza kumpelekea safari yake hapo, ikalala kwake usiku mmoja, na watoto wa pande mbili wakajuana.

KABLA YA KUONDOKA

Usiku wa kuamkia safari, mambo yafuatayo yahakikiwe na mtu mzima mmoja akiwa na kalamu mkononi: tangi limejaa na dumu la akiba limefungwa, tairi la akiba lina upepo, gia za nguvu zimejaribiwa mahali tambarare na dereva amezizoea, madumu matano ya maji yamo, yote chini, dawa za homa, za kuhara na za majeraha zimo ndani ya kopo moja linalojulikana na wote, vyandarua ni vingi kama watu, mbaula ina mahali pake nje ya hema, vibali vya hifadhi na vya kila msafiri vimo ndani ya mfuko mmoja, na mtu mmoja aliyebaki Lilongwe ameachiwa karatasi yenye majina ya wasafiri, njia watakayofuata, na saa ya kurudi, akiwa amekubaliana nao kwamba wasipotokea mpaka kesho yake atatoa habari.

Likikosekana moja kati ya hayo, safari iahirishwe mpaka lipatikane. Mwenda pole hajikwai, na korongo la Bua halihami. Kuondoka kuwe saa kumi na mbili asubuhi, ili mteremko mkali ufikiwe jua likiwa juu na hema liwe limesimama kabla ya saa kumi jioni. Dereva asiendeshe usiku katika nchi hiyo kwa sababu yoyote ile.

Juma lijalo: namna ya kukausha mboga za majani na kuzihifadhi miezi sita bila kupoteza rangi wala ladha.